Popo na Posamu: Aliyekuja kwa Mabawa na Aliyeletwa na Watu

Katika mazungumzo haya twapenda kuwaeleza habari za wanyama wawili wakaao mitini na kutembea usiku. Mmoja mnamjua nyote, naye ni popo. Hapana mtoto wa Ushetu asiyepata kuwaona popo wakitoka jua linapokuchwa, wakipita juu ya mapaa ya nyumba na juu ya mabani ya tumbaku, wakienda kutafuta riziki yao. Wa pili hamjapata kumwona, maana hakai porini katika nchi yetu wala mahali pengine po pote katika Afrika. Jina lake ni posamu. Yeye ni wa ukoo wa wale wanyama ambao mama huchukua mtoto wake katika mfuko wa ngozi ulio tumboni.

Labda mtu atauliza: Sisi watu wa Kahama na Geita, wakulima, wafugaji na wachimbaji wa dhahabu, tuna shughuli gani na mnyama wa ng'ambo ya bahari? Ni swali la haki. Jawabu letu ni kwamba wanyama hawa wote wawili wamejulikana kuwa wachukuzi wa magonjwa. Posamu amewasumbua wafugaji wa ng'ombe, na popo wa aina moja amewaletea wachimbaji wa migodi msiba mkubwa. Watu wa nchi nyingine walipigana nao, wengine kwa subira na wengine kwa haraka, na matokeo hayakuwa sawa. Habari hizo zatuhusu sana, kwa kuwa nchi yetu ina ng'ombe wengi, tena ina mashimo mengi ya dhahabu yaliyoachwa, na shimo lililoachwa ni nyumba ambayo popo huipenda.

Jinsi walivyo

Ziko aina nyingi za posamu. Tunayemtaja hapa ni yule mwenye mkia wa manyoya mengi, ambaye asili yake ni Australia. Ukubwa wake ni kama wa paka, na uzito wake ni kilo 2 hata 4. Ana masikio marefu, macho makubwa ya kuonea gizani, na kucha kali za kupandia miti. Mchana hulala katika tundu la mti. Usiku hutoka kula majani, machipukizi, maua na matunda, na akipata mayai au makinda ya ndege hayaachi.

Mwenye kumjua komba wetu, yule alambaye utomvu wa migunga na kulia usiku kama mtoto mchanga, akimwona posamu aweza kusema kuwa ni ndugu yake. Lakini si ndugu. Komba ni jamaa wa mbali wa nyani, na huzaa mtoto aliyekwisha kuota manyoya. Mti na giza ndivyo vilivyowafanya wafanane, kama wavuvi wa ziwa hili na wavuvi wa ziwa lile wanavyotumia nyavu za namna moja, ingawa hawakupata kuonana.

Popo naye si ndege, kama tujuavyo sote kwa ile hadithi ya kale ya popo aliyekataliwa na ndege na wanyama pia. Ana meno, ana manyoya, na hunyonyesha. Bawa lake ni mkono: vidole vimerefushwa sana, na ngozi nyembamba imetandazwa katikati yao hata miguuni. Hapana mnyama mwingine anyonyeshaye awezaye kuruka hasa. Wako posamu wadogo wa Australia wenye ngozi iliyotandwa baina ya mkono na mguu, lakini hao hutelea hewani tu kutoka mti mrefu mpaka mti mfupi, kama jani kavu liangukalo. Kupanda tena angani hawawezi. Popo hupanda, hugeuka, hushuka, na kuvuka nchi. Kule Kasanka, Zambia, popo wa matunda wa rangi ya majani makavu hukusanyika kwa mamilioni kila mwaka, kuanzia mwezi wa Oktoba hata Desemba. Wataalamu waliwafunga baadhi yao vyombo vidogo vya kuwafuatia, na mmoja akasafiri zaidi ya kilomita 2,000.

Uzazi wao

Katika uzazi ndipo wanapoachana kabisa. Posamu jike huchukua mimba kwa siku 17 au 18 tu. Mtoto akizaliwa hana manyoya, haoni, na uzito wake ni sehemu moja tu katika tano za gramu. Haufiki uzito wa harage moja. Kiumbe hicho hujivuta chenyewe kwa mikono katika manyoya ya mama yake mpaka kiingie mfukoni, kikashika chuchu. Humo hukaa miezi minne au mitano, kisha hutoka na kupanda mgongoni mwa mama.

Popo hana mfuko. Mama hubeba mimba kwa miezi kadha, naye huzaa mtoto mkubwa, ambaye aweza kufika robo ya uzito wa mama mwenyewe. Wengi huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Fikirini mama wa watu azaaye mtoto wa kilo 13! Kisha mama huyo hana budi kuruka kila usiku ili apate chakula na maziwa. Kwa hiyo popo si kama panya, ambaye ukiua kumi leo, mwezi ujao utawakuta ishirini. Kundi la popo likiharibiwa huchukua miaka mingi kurudi hali yake.

Safari zao za kale

Sasa tueleze jinsi kila mmoja alivyofika makao yake. Zamani za kale sana, kabla hapajawa na mtu duniani, Afrika, Amerika ya Kusini, Australia na nchi ya barafu ya kusini zilikuwa nchi moja kubwa. Nchi hiyo ikapasuka polepole. Afrika ilitengana na Amerika ya Kusini yapata miaka milioni 100 iliyopita. Lakini Amerika ya Kusini, nchi ya barafu na Australia zikakaa bado zimeshikana kwa muda mrefu. Wakati huo nchi ya kusini haikuwa na barafu kama leo, bali misitu. Wanyama wa mfuko walipita huko kwa miguu yao, kizazi baada ya kizazi, wakafika Australia. Habari hii haikusemwa kwa kubahatisha, maana mwaka 1982 mifupa ya mnyama wa mfuko iliyogeuka kuwa mawe ilipatikana katika kisiwa cha Seymour, ukingoni mwa nchi ya barafu.

Hata katika Afrika wanyama wa namna hiyo walipata kuwako. Huko Fayum, katika Misri, yamepatikana mabaki ya kinyama kidogo cha jamaa zao, aliyeishi yapata miaka milioni 30 iliyopita. Lakini wakakoma, na nafasi yao mitini ikachukuliwa na wengine, kama komba.

Popo hakungoja nchi zishikane. Karibu na mji wa Murgon, Australia, katika udongo wa miaka milioni 55, imepatikana mifupa ya popo pamoja na mifupa ya wanyama wa mfuko, mahali pamoja. Na kwetu je? Hapa twaweza kujivunia jirani zetu wa Singida. Mnajua kwamba almasi za Mwadui, zilizogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, zimetoka katika mwamba wa volkano ya kale, uliopanda kutoka chini sana ya ardhi. Volkano za namna hiyo ziko Singida pia. Moja yao, mahali paitwapo Mahenge (si Mahenge ile ya Morogoro), ilipozimika iliacha shimo, na shimo likajaa maji likawa ziwa. Yapata miaka milioni 46 iliyopita popo mmoja alianguka katika ziwa hilo, akafunikwa na matope, na matope yakawa mawe. Mwaka 2003 wataalamu wa Tanzania na wa ng'ambo waliandika habari zake, wakampa jina Tanzanycteris, maana yake popo wa Tanzania. Sehemu ya ndani ya sikio lake ilikuwa kubwa, nayo ni alama kwamba tangu siku hizo alijua kupiga sauti na kusikiliza mwangwi wake, ili aone njia na wadudu gizani.

Basi huyo ni mwenyeji wa zamani kuliko kabila lo lote, kuliko ng'ombe, na kuliko binadamu mwenyewe.

Nchi walimokutana

Iko nchi moja ambayo historia ya popo na posamu yaonekana wazi kama katika kitabu. Nayo ni Nyuzilandi, visiwa vilivyo mbali upande wa mashariki wa Australia. Nchi hiyo ilijitenga yapata miaka milioni 80 iliyopita. Bahari ikawa pana, hata mnyama wa miguu hakuweza kuivuka. Wamaori walipofika kwa mitumbwi yao, katika karne ya 13, hawakukuta panya, wala swala, wala mnyama wa mfuko. Katika nchi kavu walikuta ndege wengi ajabu, na mnyama mmoja tu anyonyeshaye, yaani popo, ambaye wao humwita pekapeka. Yeye alikuwa amefika kwa mabawa, na mifupa ya ukoo wake iliyopatikana huko ina miaka kama milioni 16.

Popo mmoja wa nchi hiyo, mwenye mkia mfupi, amejifunza desturi ngeni. Kwa kuwa chini ya miti hapakuwa na mnyama wa kumwinda, hukunja mabawa yake na kutembea ardhini kwa miguu minne, akitafuta wadudu katika majani yaliyooza. Humo msituni uko mmea usio na majani ya kijani, unaoishi kwa kunyonya mizizi ya miti. Maua yake huchanua chini ardhini na kunukia. Popo huyu hufuata harufu, hunywa maji matamu ya ua, na uso wake hupakwa ule unga wa maua tuuitao chavua. Akienda ua la pili, chavua humwagika humo, na mbegu hutunga. Popo wetu wa matunda hufanya kazi kama hiyo katika mibuyu. Ua la mbuyu hufunguka jioni, ni kubwa, jeupe, limening'inia, ili mgeni wa usiku alione na kulifikia. Mlao ubuyu, kumbukeni kazi ya popo.

Posamu hakufika Nyuzilandi kwa mguu wala kwa bawa. Aliletwa kwa jahazi. Wazungu waliokwenda kukaa huko walitaka biashara ya ngozi za manyoya. Mwaka 1837 waliwaleta posamu wa kwanza kutoka Australia, lakini hawakustawi. Mwaka 1858 wakaleta wengine, nao wakashika nchi. Watu walifurahi, wakazidi kuwaachia misituni mahali pengi, na kwa miaka mingi sheria iliwalinda wasiuawe ovyo. Kwao Australia posamu alikuwa na adui zake, na miti ya huko ina majani makali yenye sumu yanayomzuia asile kupita kiasi. Nyuzilandi hakukuta adui, wala miti haikuwa na kinga. Ingawa huzaa mtoto mmoja tu kwa kawaida, katika miaka ya 1980 hesabu yao ilikadiriwa kuwa milioni 60 hata 70. Wakala miti hata ikakauka, wakala mayai na makinda ya ndege, na wakala maua ya ule mmea wa ardhini, popo asikute kitu. Walinzi wa misitu wakalazimika kuyafunika maua hayo kwa vizimba vya waya vyenye nafasi ya kupita popo na kumzuia posamu.

Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna haja ya kushangaa. Katika miaka ya 1950 sangara aliletwa katika Ziwa Victoria kwa mkono wa watu. Kwa miaka mingi hakuonekana kuleta neno. Hata miaka ya 1980 akazidi sana, na furu wa aina nyingi waliokuwa chakula cha wazee wetu wakatoweka. Ni kweli kwamba sangara amewapa wengi fedha, kama vile manyoya ya posamu yalivyowapa wengine fedha. Lakini mgeni wa namna hiyo, akiisha kupewa nyumba, hakuna awezaye kumwambia arudi kwao.

Ng'ombe na kifua kikuu

Hasara ya posamu haikuishia msituni. Mwaka 1967 alionekana posamu mwenye ugonjwa wa kifua kikuu cha ng'ombe. Wafugaji wa Nyuzilandi walikuwa wakipima ng'ombe zao na kuchinja wagonjwa, walakini ugonjwa ulizidi kurudi katika mazizi yale yale, nao hawakujua sababu. Wakati huo ndipo sababu ilipoanza kujulikana. Posamu mgonjwa hutokea msituni akayumbayumba malishoni mchana. Ng'ombe, kwa udadisi wao, humjia kumnusa, na kwa njia hiyo hushikwa.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Posamu hakutoka na ugonjwa huo kwao. Australia posamu wamejaa, hata hivyo nchi hiyo iliondoa kifua kikuu katika ng'ombe zake, ikatangaza mwaka 1997 kwamba imesafika. Ugonjwa uliletwa Nyuzilandi na ng'ombe wa Ulaya, na posamu akaupata kwa ng'ombe. Yaani ng'ombe aliletwa na watu, posamu akaletwa na watu, nao wakakutana katika nchi ambayo haikuwa ya mmoja wao.

Watu wa Nyuzilandi walifanya nini? Waliendelea kupima ng'ombe, wakazuia ng'ombe wa mahali penye ugonjwa wasihamishwe, na wakapunguza posamu kwa mitego na sumu kando ya malisho. Kazi hiyo imechukua miaka mingi na fedha nyingi, na pana mabishano makubwa juu ya sumu imwagwayo kwa ndege za angani. Lakini makundi ya ng'ombe wagonjwa, ambayo katika miaka ya 1990 yalizidi 1,000, yamepungua yakawa machache. Mwaka 2016 serikali ya huko iliweka nia ya kuwamaliza kabisa posamu, panya na vicheche walioletwa, kabla ya kwisha mwaka 2050.

Yule popo mwenyeji, kinyume chake, analindwa. Aina moja ya popo wa huko haikuonekana tena tangu mwaka 1967, baada ya panya kufika katika kisiwa walimokuwa wamebakia. Na mwaka 2021, watu wa Nyuzilandi walipopiga kura ya kila mwaka ya kuchagua ndege wa mwaka, aliyeshinda alikuwa popo mwenye mkia mrefu. Katika hadithi yetu popo hukataliwa na pande zote mbili. Huko ndege walimtangulizia mbele yao.

Popo wa migodini

Baada ya kusikia hayo mtu aweza kusema: Ikiwa Nyuzilandi wamefaulu kwa kumuua posamu, basi nasi tuue popo, maana huyu naye ana ugonjwa. Neno hili twalijibu kwa habari za kweli.

Ugonjwa huo ni Marburg. Jina ni la mji wa Ujerumani, ambamo ulijulikana mara ya kwanza mwaka ule ule 1967, wakati wafanyakazi wa maabara waliposhika tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Ni ugonjwa wa homa kali na kutoka damu, nao huua wengi. Miaka ya 1998 hata 2000 uliwapata wachimbaji wa dhahabu wa Durba, mashariki ya Kongo. Watu 154 waliugua, wakafa 128. Ugonjwa ulikoma wakati mgodi ulipojaa maji na watu wasiweze kushuka tena. Mwaka 2007 uliwapata wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, Uganda. Hapo wataalamu waliwapima popo wa matunda wakaao mapangoni, wakakuta kirusi cha Marburg katika miili yao. Popo hao wenyewe hawakuonekana kuugua.

Wachimbaji wa Kitaka wakakata shauri la haraka: kuwaua popo na kuziba njia zao. Kundi lilikuwa kubwa, zaidi ya 100,000, nalo lilimalizwa. Ikaonekana kama kazi imekwisha. Mwaka 2012 Marburg ukazuka tena kusini-magharibi ya Uganda, hata katika mji wa Ibanda ulio karibu na Kitaka. Wataalamu walirudi mgodini wakakuta kwamba popo wamerudi nao. Walikuwa wachache sana kuliko wa kwanza, lakini walioambukizwa miongoni mwao walikuwa, kwa hesabu ya mia, zaidi ya mara mbili ya zamani. Wataalamu wadhani kwamba popo wa kale wengi walikuwa wamekwisha kupata ugonjwa na kuwa na kinga. Walipouawa, nafasi ikachukuliwa na wageni wasio na kinga, na kirusi kikaenea kwao kama moto katika majani makavu.

Tazameni tofauti. Posamu wa Nyuzilandi ni mgeni. Nchi haina haja naye, na nafasi yake ikiwa tupu haidhuru kitu. Popo wa Afrika ni mwenyeji. Akiondolewa shimoni, shimo halibaki tupu; wengine wa ukoo wake huja kutoka mbali, kwa kuwa wana mabawa. Na kazi yake ya kupanda mbegu na kuchavusha maua haina wa kuifanya badala yake yote. Dawa iliyomfaa mgeni haimfai mwenyeji.

Nasi katika Shinyanga twalo fundisho letu wenyewe lenye kufanana na hilo. Katika miaka ya 1920 na 1930 mapori makubwa yalifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, waletao malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Mbung'o walirudi nyuma, na ng'ombe wakapona; hatuwezi kuwalaumu wazee kwa hilo. Lakini baada ya miaka mingi ya kufyeka, kulima na kulisha, nchi ikabaki tupu, hata mwaka 1986 ikabidi kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi wanaujua kwa jina la HASHI. Ukafufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga malisho yapumzike, na zaidi ya hektari 300,000 zikaota miti tena. Kila dawa ina hesabu yake, na ni heri hesabu ifanywe kwanza.

Yatupasayo kufanya

Marburg si habari za Kongo na Uganda peke yake. Mwaka 2023 ulizuka Bukoba, watu 6 wakafa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ulizuka Biharamulo, jirani kabisa na Geita, na watu 10 waliohesabiwa kuwa na ugonjwa huo wakafa wote. Tarehe 13 Machi 2025 ulitangazwa kuwa umekwisha. Kwa hiyo twawaomba wasomaji wetu washike maneno haya machache, wawasomee na wale wasiojua kusoma.

Kwanza, msiingie katika shimo la kale la dhahabu lenye popo, wala msiwaache watoto kuchezea humo. Shimo hilo laweza kukuangukia, na hewa yake yaweza kukuua kabla ya ugonjwa wo wote.

Pili, msimshike popo kwa mkono mtupu, awe mzima au mfu, wala msimle. Embe au pera lililoumwa na popo msilile, litupeni. Matunda mengine yaoshwe vizuri.

Tatu, mtu akipata homa kali ya ghafula, kuumwa kichwa, kutapika au kutoka damu, na alikuwa mgodini au karibu na mgonjwa wa namna hiyo, apelekwe hospitali upesi, na daktari aambiwe habari zote pasipo kuficha. Marburg huenea kutoka mtu kwa mtu kwa damu, jasho, matapishi na maji mengine ya mwili. Basi jamaa wasimwoshe maiti wenyewe katika hali hiyo, bali wafuate maagizo ya waganga wa serikali. Jambo hili ni zito kwetu, kwa maana kumwosha maiti ni heshima. Lakini marehemu angependa watoto wake waishi.

Nne, popo wakikaa darini, msiwachome moto wala kuwapiga. Ngojeni majira ambayo watoto wao wamekwisha kujua kuruka, kisha jioni moja, wote wakiisha kutoka, zibeni matundu. Hawatakosa mahali pengine, kama tukiwaachia miti yao. Nasi wakulima wa tumbaku tukumbuke kwamba kila mti mkubwa wenye tundu tunaoukata kwa ajili ya kuni za bani ni nyumba iliyobomolewa, na mwenye nyumba atakuja kutafuta dari yetu.

Posamu alichukuliwa kutoka kwao, na mpaka leo watu wa Nyuzilandi wanalipa gharama ya safari ile. Popo alikuja mwenyewe, akaikuta nchi hii kabla yetu, na ugonjwa alio nao hukaa naye shimoni mpaka sisi tumfuate humo. Tumwachie shimo lake, atuachie mji wetu.